HOMA, JOTO NA KIPIMAJOTO: HISTORIA YA CHOMBO NA YA MAJINA YAKE

Utangulizi

Katika kata ya Ngonga, wilayani Kyela, masika huingia kwa kishindo. Maji ya mito itokayo milima ya Rungwe hutanda katika uwanda wa mpunga, na mbu huzaliana kwa wingi mpaka ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Mtoto akuliaye huko hulijua neno homa mapema sana, pengine kabla hajajua kuhesabu. Mwandishi wa makala haya alikulia huko.

Usiku mmoja wa masika, katika miaka ya mwisho ya 1990, mdogo wangu alilala nyumbani kwa bibi yetu akiwa na joto kali. Bibi alimgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, akasema, "Mtoto huyu anaungua. Tumpeleke." Mjomba alikuwa na kipimajoto cha kioo cha zamani, alichokihifadhi sandukuni kama kitu cha thamani. Akakitikisa, akakiweka kwapani mwa mtoto, akangoja, kisha akakisoma kwa mwanga wa kibatari: 104. Mjomba alikuwa mtu aliyesoma. Alijua kwamba mwili wa mtu mwenye afya una nyuzi 37, na kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Mtu hawezi kuwa na joto kuliko maji yanayochemka. Basi akaamua kuwa chombo kimeharibika, akakirudisha alani, na wakubwa wakakubaliana kungoja kuche. Kabla hakujacha, mtoto alishikwa na degedege. Alipakiwa kwenye baiskeli, akafikishwa hospitali, na kwa bahati njema akapona.

Chombo kile hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimechorwa kwa nyuzi za Farenhaiti, na nyuzi 104 za Farenhaiti ni sawasawa na nyuzi 40 za Selisiasi. Mkono wa bibi ulisema kweli, na kioo nacho kilisema kweli. Kilichokosekana ni jina la kizio, yaani jina la kile kilichokuwa kikihesabiwa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kipimajoto cha tiba, na kuonyesha kwamba kila hatua ya chombo hiki ilikuwa pia hatua ya maneno. Zaidi ya hayo, yanakusudia kumwonyesha msomaji kwamba neno letu homa bado linabeba pamoja mambo mawili ambayo chombo hiki kilikwisha kuyatenganisha, na kwamba mchanganyiko huo unawagharimu wagonjwa.

Kabla ya namba

Kwa karne nyingi waganga wa mataifa yote walipima joto la mwili kama bibi alivyolipima, yaani kwa mkono. Wayunani wa zamani waliofuata mafundisho ya Hippocrates waliugusa mwili wa mgonjwa ili kujua kama una moto usio wa kawaida. Galen, mganga wa karne ya 2, alijaribu kwenda mbele zaidi. Alifundisha kwamba joto na baridi vina daraja nne nne, na kwamba katikati yake ni hali inayopatikana kwa kuchanganya maji yanayochemka na barafu kwa viwango sawa. Hilo lilikuwa wazo la kipimo, ila hakikuwapo chombo cha kulitimiza.

Elimu hiyo ilirithiwa na kukuzwa na waganga walioandika kwa Kiarabu. Mashuhuri miongoni mwao ni Ibn Sina (980-1037), ambaye katika kitabu chake Kanuni ya Tiba alizipa homa nafasi kubwa na kuzigawa katika aina nyingi. Msomaji akumbuke kwamba katika elimu hiyo homa haikuwa dalili ya ugonjwa. Homa ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe, na kila aina ya homa ilikuwa ugonjwa wa peke yake.

Neno letu homa asili yake ni Kiarabu, na hata leo linatumika kwa maana hiyo ya kale. Tunasema homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya papasi, na kila moja ni jina la ugonjwa. Papo hapo twasema "homa imepanda" au "homa imeshuka," tukiwa na maana ya joto la mwili tu. Neno joto, kwa upande wake, ni la Kibantu, na lina udugu na moto na kuota, kama katika kuota moto. Hivyo lugha yetu ilikuwa na maneno mawili tangu zamani, moja la ugeni na moja la nyumbani. Swali ni kwamba kila moja lifanye kazi gani.

Chombo chazaliwa

Mwishoni mwa karne ya 16, huko Padua, Italia, Galileo Galilei alitengeneza mrija wa kioo wenye tufe juu, ambao mdomo wake ulitumbukizwa katika maji. Hewa ndani ya tufe ilipopata joto ilitanuka na kuyasukuma maji chini. Ilipopoa ilisinyaa na maji yakapanda. Chombo hicho kilionyesha kwamba joto limebadilika, lakini hakikusema limebadilika kwa kiasi gani.

Aliyeweka namba ni mganga Santorio Santorio (1561-1636), ambaye alikuwa profesa katika mji huohuo wa Padua. Yeye aliuchora mrija kwa alama, akamtaka mgonjwa atie tufe kinywani au alishike mkononi, kisha akatazama maji yameteremka alama ngapi. Alikitaja chombo chake katika maandishi ya mwaka 1612, na mwaka 1625 akakieleza kwa michoro. Jambo la kupendeza ni kwamba kitabu hicho cha mwaka 1625 kilikuwa ufafanuzi wa Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina. Yaani chombo kilichokuja baadaye kuivunja maana ya kale ya homa kilielezwa katika ukingo wa kitabu kilichoisimika maana hiyo.

Jina nalo halikuchelewa. Katika miaka ya 1620 neno lililoundwa kwa mizizi miwili ya Kiyunani, mmoja wenye maana ya joto na mwingine wenye maana ya kipimo, lilikwisha kuandikwa kwa Kifaransa. Ndilo neno tulilolikopa sisi kwa sura ya themometa. Kipimajoto, neno letu wenyewe, limejengwa kwa mawazo yaleyale mawili, kwa utaratibu uleule tunaouona katika kipimapembe na kipimamvua.

Chombo cha Santorio kilikuwa na kasoro moja kubwa. Kwa kuwa mdomo wake ulikuwa wazi, maji yaliathiriwa pia na kanieneo ya hewa, jambo ambalo halikueleweka mpaka Torricelli alipolifafanua katika miaka ya 1640. Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana Toscana katikati ya karne hiyo, pale Mtawala Ferdinando II de' Medici alipotumia mirija yenye spiriti iliyozibwa kabisa. Tangu hapo chombo kikaacha kusikiliza hewa ya nje, kikasikiliza joto peke yake.

Zebaki, na namba zenye majina

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686 na kufanya kazi Uholanzi. Mwaka 1714 alitengeneza kipimajoto cha zebaki kilichokuwa sahihi kuliko vyote vilivyokitangulia. Zebaki, neno tulilolitoa katika Kiarabu, ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Hutanuka kwa ulinganifu, haishikamani na kioo, na hung'aa kiasi cha kusomeka vizuri. Mwaka 1724 Fahrenheit alichapisha kipimio chake. Sifuri aliiweka katika mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi. 32 aliiweka katika barafu inayoyeyuka. Na 96 aliiweka katika mwili wa mtu mwenye afya. Msomaji ataona kwamba mwili wa binadamu ulikuwa mmojawapo wa misingi ya kipimio hicho. Baadaye kipimio kilirekebishwa, na joto la mwili likahesabiwa kuwa kama 98.6.

Mwaka 1742 Anders Celsius, mnajimu wa Uppsala, Uswidi, alipendekeza kipimio chenye hatua 100 kati ya maji kuganda na maji kuchemka. Alichokiita 0 ni kuchemka, na alichokiita 100 ni kuganda! Celsius alifariki mwaka 1744, na muda si mrefu mpangilio huo ukageuzwa ukawa kama tuujuavyo.

Hapa pana funzo kwa wakuza istilahi. Kwa miaka mingi kipimio hiki kiliitwa sentigredi, yaani "hatua mia," na wazee wetu wengi walikisoma shuleni kwa jina hilo. Lakini katika Kifaransa na lugha nyingine neno hilohilo lilikuwa pia jina la kizio cha kupimia pembe. Ili kuondoa utata huo, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 1948 uliamua kwamba kizio cha joto kiitwe kwa jina la Celsius.

Kiswahili kilikumbwa na tatizo la namna hiyohiyo. Neno nyuzi hutumika kwa pembe, kama tusemapo "pembe ya nyuzi 90," na hutumika pia kwa joto. Wasemaji wenyewe walilitatua tatizo kwa kuambatisha neno la pili, wakasema nyuzijoto. Hakuna mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Hata hivyo nyuzijoto peke yake haitoshi. Mjomba alikuwa na nyuzijoto 104 mkononi, na hazikumfaa kitu. Kwa hiyo kila tuandikapo katika vitabu vya afya, yafaa tutaje kizio mara ya kwanza inapotokea namba: nyuzijoto 37 za Selisiasi.

Joto na halijoto

Katika nusu ya pili ya karne ya 18, Joseph Black wa Uskoti alionyesha jambo ambalo chombo kilikuwa kimelificha. Sufuria ya barafu inayoyeyuka juu ya moto hupokea joto muda wote, na bado kipimajoto hakipandi hata kidogo mpaka barafu iishe. Basi kiasi cha joto kilichoingia ni kitu kimoja, na hali ya ujoto inayosomeka katika chombo ni kitu kingine. Wanafizikia hawana budi kuwa na maneno mawili.

Kiswahili cha kitaaluma kinayo. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye moto kwenda kitu chenye ubaridi. Halijoto ni hali inayosomwa kwa nyuzi. Waandishi wengine wametumia jotoridi kwa maana hii ya pili, yaani kiwango kilicho kati ya joto na baridi. Maneno yote mawili yameundwa vizuri. Hata hivyo halijoto ndilo lililoenea zaidi vitabuni na katika taarifa za hali ya hewa, na kwa sababu hiyo nalipendelea.

Wapo wanaouliza: ikiwa chombo hupima halijoto, je, si haki kukiita kipimahalijoto? Swali ni la haki, lakini jibu langu ni hapana. Jina la chombo halilazimiki kubeba fasili nzima ya kazi yake. Kipimajoto kimekwisha kukaa katika vinywa vya wauguzi, walimu na akina mama. Ni kifupi, na hakimpotoshi mgonjwa. Usahihi ambao mwanafunzi wa fizikia anauhitaji aupate katika fasili, wala asiutafute kwa kulirefusha jina.

Kipimajoto chaingia wodini

Msomaji anaweza kudhani kwamba waganga walikipokea chombo hiki kwa mikono miwili. La hasha. Herman Boerhaave wa Leiden na wanafunzi wake walikitumia katika karne ya 18, na James Currie wa Liverpool alichapisha vipimo vya wagonjwa wake mwaka 1797, lakini wengi wa waganga wenzao walikipuuza. Chombo kilikuwa kirefu, kilichukua muda mwingi, na mganga aliyeuamini mkono wake hakuona haja nacho.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani. Katika hospitali yake kila mgonjwa alipimwa angalau mara mbili kwa siku, na namba zikachorwa katika chati. Mwaka 1868 alitoa kitabu kilichotokana na wagonjwa wapatao 25,000 na vipimo vinavyokadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Vipimajoto vyake vilikuwa na urefu wa kama sentimeta 30, na vilikaa kwapani kwa dakika 15 hadi 20. Kwa vyombo hivyo alieleza kwamba mtu mwenye afya yuko karibu na nyuzi 37 za Selisiasi, na kwamba kuanzia 38 ni homa.

Namba 37 yatakiwa itumike kwa busara. Wunderlich mwenyewe aliandika kwamba joto la afya hupanda na kushuka katika siku. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu 148 wenye afya, na kuchapishwa mwaka 1992, ulipata wastani wa 36.8. Mtu mwenye 37.2 jioni si lazima awe mgonjwa.

Wakati huohuo, mnamo mwaka 1866, Thomas Clifford Allbutt wa Leeds, Uingereza, alisanifu kipimajoto cha urefu wa inchi 6 tu, yaani kama sentimeta 15, kilichoweza kusomwa baada ya dakika 5. Hicho ndicho kilichoingia katika mfuko wa mganga na katika sanduku la mjomba. Ndani ya vipimajoto vya namna hiyo, mrija hubanwa kidogo juu ya tufe, ili zebaki ikishapanda isirudi yenyewe. Ndiyo maana hutikiswa kabla ya kutumiwa tena.

Homa yatenganishwa na ugonjwa

Chati za Wunderlich zilifanya zaidi ya kuonyesha namba. Zilionyesha kwamba mtu mwenye homa ya matumbo na mtu mwenye kichomi wanaweza kuwa na nyuzijoto zilezile asubuhi ileile, ilhali magonjwa yao ni mbalimbali. Kwa hiyo joto la mwili haliwezi kuwa ndilo ugonjwa. Ni ishara ya ugonjwa. Ibn Sina na wenzake waliita homa ugonjwa. Baada ya Wunderlich, homa ikawa dalili.

Sababu zenyewe zilifuata kuonekana. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliviona vimelea vya malaria katika damu. Katika miaka ya 1885 na 1886 Camillo Golgi alionyesha kwamba homa inayorudi kila baada ya saa 48 na ile inayorudi kila baada ya saa 72 hutokana na vimelea vya aina tofauti. Mwaka 1897 Ronald Ross alivikuta vimelea hivyo ndani ya mbu. Katika mwaka huohuo Robert Koch alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria, na aliporudi katika nchi yetu miaka ya 1904 na 1905 alichunguza homa ya papasi na kuvikuta vijidudu vyake ndani ya papasi na hata katika mayai yao. Malaria na homa ya papasi zote mbili hupanda, hushuka na kurudi. Mkono hauwezi kuzitofautisha, na kipimajoto peke yake hakiwezi.

Lugha za Afrika Mashariki zenyewe zimechangia kuzipambanua homa. James Christie, mganga aliyefanya kazi Unguja, aliliandika mwaka 1872 jina la Kiswahili kidinga pepo kwa maradhi ya mlipuko yaliyokuwa yameikumba Unguja miaka michache kabla, na wataalamu wengi wanadhani kwamba jina dengue, ambalo dunia nzima yalitumia, lina asili katika jina hilo. Baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ugonjwa mwingine ulipewa jina la Kimakonde, chikungunya, kwa kuwa humkunja mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Wenyeji hawakuuita homa tu. Waliitazama alama inayoutofautisha na homa nyingine, wakaupa jina kwa alama hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi.

Gharama ya neno moja

Pamoja na hayo, katika mazungumzo yetu ya kila siku homa na malaria vimebaki kama kitu kimoja. Mama akisema "mtoto ana homa," mara nyingi ana maana ya malaria. Mwingine akisema "nimepimwa homa," hatuwezi kujua kama aliwekewa kipimajoto kwapani au alichomwa kidole akatolewa damu.

Utafiti wa istilahi za homa uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha uzito wa jambo hili. Wananchi walitumia homa ya malaria kwa maradhi ya kawaida yanayotibika kwa dawa za hospitali. Lakini malaria ile ile ilipokuwa kali na kumtia mtoto degedege, ilihesabiwa na wengi kuwa ni ugonjwa mwingine wenye asili nyingine, usiotakiwa kupelekwa hospitali kwanza. Jina lilibadilika pale hatari ilipozidi, na pamoja na jina ikabadilika njia ya kwenda kutafuta msaada.

Upande wa pili wa kosa uko kwa wataalamu. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa uangalifu, ni 2,062 tu, yaani kama 46 kwa mia, waliokuwa na vimelea vya malaria. Na miongoni mwa wale wasiokuwa na vimelea waliofariki walikuwa wengi zaidi kwa kila mia, maana walikuwa na maradhi mengine, na wengi hawakupewa dawa za maradhi hayo. Hapo homa ilisomwa malaria, na mgonjwa akalipia tafsiri hiyo.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka vimefika hadi katika zahanati zetu za vijijini. Chombo kimepatikana. Lugha nayo yapasa ifuate.

Walakini mkono wa mama haukuachwa. Mwongozo wa Shirika hilo wa kuwahudumia watoto wagonjwa unamhesabu mtoto kuwa na homa iwapo kipimajoto cha kwapani kinasoma nyuzijoto 37.5 za Selisiasi au zaidi, au iwapo mwili wake una joto kwa kuguswa, au iwapo mama aeleza kwamba alikuwa na joto siku hizo. Neno la mama ni sehemu ya kipimo. Ndiyo sababu ni muhimu neno hilo lieleweke kwa maana moja pande zote mbili za meza.

Zebaki yaondoka, jina labaki

Kipimajoto cha mjomba kilivunjika miaka miwili baada ya usiku ule. Sisi watoto tulizichezea chembe zake za fedha viganjani siku nzima, tukizigawanya na kuziunganisha. Hakuna aliyetukataza, kwa kuwa hakuna aliyejua jina la kitu kile, sembuse madhara yake. Leo mkazi wa Mkoa wa Mbeya akisikia zebaki huenda akawakumbuka wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya. Kipimajoto kimoja huwa na kama gramu moja ya zebaki, na mvuke wake hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Kikivunjika, watoto waondolewe, madirisha yafunguliwe, chembe zisifagiliwe wala zisiguswe kwa mkono mtupu, bali zikusanywe kwa karatasi ngumu na kutiwa katika chupa yenye kifuniko.

Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza vipimajoto vya zebaki na kuviuza kati ya nchi na nchi, isipokuwa pale nchi ilipoomba muda zaidi. Badala yake vimekuja vipimajoto vya elektroniki, na vile vinavyoelekezwa kwenye paji la uso bila kuligusa, ambavyo wengi wetu tulivijua wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020.

Laiti babu zetu wangalikiita chombo hiki "kioo cha zebaki," jina lingekuwa limekufa leo. Kwa kuwa kiliitwa kwa kazi yake, jina kipimajoto limevuka salama kutoka kioo hadi plastiki. Kanuni hii yafaa ikumbukwe kila tunapounda istilahi za vyombo: jina litokane na kazi kuliko umbo au kitu kilichotumika kukitengenezea.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa kuhitimisha, naleta mbele ya wasomaji mapendekezo machache ili wayajadili.

Homa: itumike katika maandishi ya afya kwa maana ya dalili, yaani halijoto ya mwili iliyozidi ile ya afya. Majina yaliyokwisha kukaa, kama homa ya matumbo na homa ya papasi, yaachwe kama yalivyo, kwa kuwa kifuatacho neno homa ndicho kinachoutaja ugonjwa.

Malaria: liwe jina la ugonjwa uletwao na vimelea vinavyoenezwa na mbu, wala lisitumike badala ya homa kabla damu haijapimwa.

Degedege: kukakamaa na kutukutika kwa mwili wa mtoto, aghalabu pamoja na homa kali. Kila fasili iongeze kwamba ni dalili ya hatari, na kwamba malaria ni mojawapo ya visababishi vyake.

Halijoto: hali ya ujoto isomwayo kwa nyuzi. Joto: nishati inayohama.

Nyuzijoto: kizio cha halijoto, kitajwe pamoja na jina la kipimio, Selisiasi au Farenhaiti. Nyuzi za Farenhaiti hugeuzwa kuwa za Selisiasi kwa kutoa 32, kisha kuzidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9.

Kupima joto na kupima damu: vitenganishwe katika mabango na vipeperushi, na usemi "kupima homa" uepukwe.

Katika safari yangu ya mwisho Ngonga nilimwonyesha bibi kipimajoto kipya kinachoandika namba chenyewe. Alikigeuzageuza, akauliza, "Kinasema nyuzi za nani?" Nikamwonyesha herufi iliyo pembeni mwa namba. Akaridhika, akamwita kitukuu wake aliyekuwa akicheza nje, na kabla ya kukiwasha alimgusa kwanza paji la uso.